Barabara Ni ya Wote, Shamba Ni la Mwenyewe



Ndugu zangu wa mwambao, nakuandikieni kutoka Ipinda, wilaya ya Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Huku ni nchi ya mvua nyingi, mpunga mabondeni, migomba na minazi-mafuta kando ya nyumba, na katika miongo hii ya karibuni mikakao chini ya vivuli. Barabara ya kutoka Kikusya kupita Ipinda hata Matema, kilomita 39.1, ndiyo inayotuunganisha na mji wa Kyela na masoko ya mbali. Kila anayeijua njia hii ya zamani wakati wa masika, matope yakifika magotini na mgonjwa akibebwa kwa machela, anajua lami ni neema ya namna gani. Hatuna ugomvi na barabara.

Suala letu ni jingine. Barabara haijengwi hewani. Hupita juu ya ardhi, na ardhi ina wenyewe. Yupo ambaye kibanda chake cha biashara kimo ndani ya kipimo, yupo ambaye mikakao yake kumi imo, na yupo ambaye kaburi la mzazi wake limo, maana Wanyakyusa wengi huzika majumbani kwao. Je, faida ya watu elfu yaweza kulipiwa kwa hasara ya mtu mmoja? Na ikiwa haiwezi, huyo mmoja alipwe nini, lini, na nani aseme bei? Suala hili si geni. Limeulizwa na kujibiwa tangu mwaka wa kwanza wa Hijra, na yafaa tuitazame historia yake, kisha tuitazame ya nchi yetu.

ARDHI YA MAYATIMA WAWILI

Bwana Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, ngamia wake alipiga magoti katika uwanja uliokuwa wa kuanikia tende. Uwanja ule ulikuwa mali ya vijana wawili mayatima wa Banu Najjar, Sahl na Suhail. Mtume akataka kuujenga msikiti mahali hapo, akawaita, akawauliza bei. Wao wakasema kwamba wanampa bure kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Imepokewa kwamba alikataa kuuchukua kwa zawadi mpaka aununue, na wapokezi wa sira wametaja kuwa bei ilikuwa dinari kumi, akazilipa Sayyidna Abubakar (R.A.).

Tuzingatie hapa. Anayechukua ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Kinachojengwa ni msikiti, wala hapana maslahi ya umma yaliyo makubwa kuliko hayo. Wenye mali ni watoto wasio na baba, nao wenyewe wameridhia kutoa bure. Juu ya yote hayo, bei ilitajwa na bei ililipwa. Lau ingekuwa maslahi ya wote yatosha kuondoa haki ya mmoja, siku ile ndiyo ingekuwa siku yake.

NYUMBA YA SAYYIDNA ABBAS

Zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) Waislamu walikuwa wengi, na Msikiti wa Madina ukawa mdogo. Umar akazinunua nyumba zilizokuwa kando ili aupanue. Ikabaki nyumba ya Abbas bin Abdul Muttalib, ami yake Mtume. Ibn Saad ameipokea habari hii kwamba Umar alimpa Abbas mambo matatu achague: aiuze kwa bei aitakayo ilipwe na Baitulmali, au ajengewe nyingine mahali popote apendapo Madina, au aitoe sadaka kwa Waislamu. Abbas akayakataa yote matatu.

Khalifa hakutuma askari. Walikubaliana waende kwa muamuzi, wakamchagua Ubayy bin Kaab. Ubayy akawasimulia habari ya Nabii Daud (A.S.) alipoamrishwa kuijenga Nyumba Takatifu. Ramani yake iligongana na nyumba ya mtu mmoja asiyetaka kuuza, na Daud akawaza kuichukua kwa nguvu, Mwenyezi Mungu akamkaripia: vipi nyumba ya kumtaja Yeye iingizwe mali ya kughusubiwa? Basi Ubayy akahukumu kwa Abbas dhidi ya Khalifa. Hukumu ilipokwisha kusimama na Abbas akajua kuwa nyumba ni yake pasipo shaka, ndipo alipoitoa kwa hiari yake iingizwe msikitini. Umar naye akamjengea nyumba nyingine kwa mali ya Baitulmali.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya ukarimu wa Abbas. Mimi nasema mafunzo yake makubwa yamo katika mpangilio wake. Kwanza hukumu, kisha ukarimu. Mtu hawezi kutoa sadaka kitu ambacho mwenye nguvu amekwisha kumnyang'anya.

MAKKA: MWAKA WA 17 NA WA 26

Asidhani mtu kwamba sheria yetu inampa kila mwenye nyumba uwezo wa kuzuia jambo la umma milele. Mwaka wa 17 wa Hijra, sawa na mwaka 638, mafuriko makubwa yaliingia Makka na kuusomba Msikiti Mtukufu, hata Makamu ya Ibrahim ikahamishwa na maji. Umar akaja mwenyewe kutoka Madina, akaona kwamba nyumba zimeibana Al-Kaaba pande zote. Akazinunua. Baadhi ya watu wakakataa kuuza. Hapo Umar alizivunja nyumba zao, akawakumbusha kwamba wao ndio walioijia Al-Kaaba wakajenga uwanjani mwake, si yeye Al-Kaaba aliyewajia wao. Lakini bei zao aliziweka amana katika hazina ya Al-Kaaba mpaka walipokuja kuzichukua.

Mwaka wa 26 Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alipanua tena, na ikawa hivyo hivyo: akanunua, na waliokataa akazivunja nyumba zao na bei zikawekwa Baitulmali. Watu wakampigia kelele, akawafunga, akawaambia kwamba Umar aliwafanyia jambo lile lile na hakuna aliyenyanyua sauti, ila wao wamepata ujasiri kwa sababu ya upole wake. Baadaye waliombewa, wakafunguliwa.

Visa hivi viwili vya Makka na kile cha Madina havipingani. Abbas alikaa katika nyumba yake mjini. Watu wa Makka walikuwa wamejenga katika eneo la Al-Kaaba yenyewe. Tofauti hiyo hiyo ndiyo wanayogombania watu wa leo na wakubwa wa barabara: nani alitangulia, nyumba au njia? Na hata pale ambapo njia ndiyo iliyotangulia, Umar hakusema kwamba wavamizi hawana chao. Aliwalipa.

NJIA DHIRAA SABA

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alihukumu watu wakikhitilafiana juu ya upana wa njia, basi iwe dhiraa saba. Hizo ni kiasi cha mita tatu na nusu, zatosha ngamia wawili wenye mizigo kupishana. Kwa hivyo hifadhi ya barabara si jambo lililoletwa na wakoloni. Njia ina haki yake, na anayesogeza ua wake kidogo kidogo kila mwaka mpaka akaila njia anakula haki ya wapita njia wote. Ametuonya Mtume kwamba anayedhulumu hata shibiri moja ya ardhi atavishwa kongwa lake kutoka ardhi saba. Onyo hilo lina ncha mbili: lamhusu mwenye serikali na lamhusu mwenye shamba.

SHERIA YA DOLA YA UTHMANIYA

Wanazuoni wa Uturuki walipokusanya hukumu za muamala katika kitabu cha Majalla, kazi iliyofanywa baina ya 1869 na 1876 chini ya Ahmed Cevdet Pasha, waliliandikia jambo la barabara kifungu chake maalum, cha 1216. Maana yake ni kwamba haja ikitokea, mali ya mtu yaweza kuchukuliwa kwa amri ya Sultani na kuunganishwa na njia kwa kulipwa thamani yake. Ila haitolewi mkononi mwake mpaka bei iwe imelipwa. Majalla ni ya madhehebu ya Hanafi, na sisi wa mwambao tu Shafii, lakini katika jambo hili sidhani yupo mwenye kutia kasoro.

Humo humo mna kanuni mbili ambazo zikiwekwa pamoja zatosha kuwa mizani. Ya kwanza, dhara ya mtu mahsusi huvumiliwa ili kuzuia dhara ya watu wote. Ya pili, dharura haiibatilishi haki ya mwingine. Yaani mwenye njaa aweza kula chakula cha jirani asife, lakini deni lake libaki. Serikali ikihitaji shamba lako yaweza kulichukua, lakini haja yake haiifanyi bei yako ianguke.

Nalo Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jidda mwezi wa Februari 1988, lilipitisha kwamba ardhi haichukuliwi kwa maslahi ya umma ila kwa masharti: ilipwe fidia ya haraka na ya uadilifu, ikadiriwe na wajuzi wala isipungue thamani ya mfano wake, mchukuaji awe ni mwenye mamlaka, haja iwe ya umma kweli, kama msikiti, barabara au daraja, na isije ikageuzwa kuwa mradi wa kuchuma faida. Hayo ndiyo mahitimisho ya karne kumi na nne.

HUKU KWETU

Sasa tuitazame nchi yetu. Zamani katika ardhi ya Wanyakyusa shamba halikuwa bidhaa ya sokoni. Kijiji kilikuwa cha watu wa rika moja, wakuu wa vijiji waitwao amafumu ndio waliogawa, na kizazi kipya kiliposimama nchi iligawanywa upya. Aliyelima alikuwa na haki ya kulima, na majirani walikuwa ndio hati yake.

Wajerumani walipokuja, walitangaza kwa amri ya Novemba 1895 kwamba ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni ya dola yao. Fikiri: mzigo wa kuthibitisha aliwekewa mtu asiyejua karatasi. Waingereza wakafuata kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1923, wakaifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana. Nanyi ndugu wa pwani ya Kenya mwajua yaliyowapata wazee wenu kwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908: asiyejitokeza kudai kwa maandishi, shamba lake likahesabiwa kuwa la Serikali. Hila ni moja katika nchi mbili: kwanza mtu huambiwa kwamba hakuwa na mali, kisha hapana haja ya kumlipa.

Baada ya uhuru ilitungwa sheria ya utwaaji ardhi ya mwaka 1967, ambayo ilimpa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma na ikaweka fidia. Lakini kwa ardhi tupu fidia ile ilikomea katika maendelezo: nyumba, miti, mimea, kisima. Ardhi yenyewe haikuhesabiwa kuwa na thamani mikononi mwa mkulima. Aliyepumzisha shamba lake misimu miwili lirudishe rutuba aliweza kuambiwa kuwa hana kitu cha kulipwa.

Fikra hiyo ilivunjwa mahakamani. Baba na mwanawe wa Mbulumbulu, huko Arusha, walikuwa wamepoteza shamba lao la asili wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Wakashitaki, wakashinda. Kisha mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta haki za namna hiyo na kuyafunga masikio ya mahakama. Wakaipinga kwa Katiba, ambayo kifungu chake cha 24 kinakataza mtu kunyang'anywa mali bila ya sheria inayotoa fidia inayostahili. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa ndiye mwenyekiti, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba fidia yapasa hata pale ambapo ardhi haikuendelezwa. Shamba la mkulima asiye na karatasi likawa mali mbele ya sheria. Hukumu ile ina harufu ya hukumu ya Ubayy bin Kaab.

Baadaye zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zikaweka msingi wa fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni zake za mwaka 2001 zikaeleza sehemu zake: thamani ya soko ya ardhi na vilivyomo, posho ya usumbufu, gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo hadi kilomita 20, kodi ya makazi kwa miezi 36, na faida ya biashara iliyopotea kwa miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, riba huongezwa. Riba ina hukumu yake kwetu, na mwenye kutaka kujitenga nayo aulize wanazuoni. Lakini kusudio la sheria ni kumtia adabu mlipaji mzembe.

MITA 22.5 NA MITA 30

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Hizo mita saba na nusu za nyongeza zimeingia nyumba na mashamba ya watu ambao hawakuvamia chochote: jioni walilala nje ya barabara, asubuhi wakaamka ndani. Hao ndio wanaopigiwa alama ya X ya kijani, yaani wangoje fidia. Mwenye X nyekundu huhesabiwa kuwa ndiye aliyeifuata barabara, naye huambiwa aondoke bila ya malipo.

Mwaka 2017 tuliona ukali wa alama nyekundu. Katika upanuzi wa barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha zilivunjwa nyumba nyingi, kwa hoja kwamba hifadhi mahali hapo ni mita 121.5 kila upande tangu sheria ya zama za Waingereza ya mwaka 1932. Wakazi wakalalama kwamba wamekaa miaka mingi, na Serikali yenyewe iliwapelekea huduma. Sisemi kwamba barabara ile haikuhitajika; msongamano wa pale wajulikana na kila msafiri. Nasema kwamba Sayyidna Umar alipowaambia watu wa Makka kuwa wao ndio walioifuata Al-Kaaba, aliwaambia hayo akiwa na bei zao mkononi. Mtu aliyeachwa akajenga, akavutiwa umeme na maji, akalipishwa kodi ya jengo, kisha akaambiwa kuwa hakuwapo, amedhulumiwa kwa kimya kabla ya kudhulumiwa kwa nyundo.

Na X ya kijani nayo ina mtihani wake. Mwenye nyumba haondolewi, lakini haongezi chumba, haezeki upya, wala hapati wa kununua. Mwaka ukipita na mwingine ukaingia, hajanyang'anywa wala hajaachiwa. Kifungu cha Majalla kilisema mali isitoke mkononi mwake kabla ya bei. Mali iliyofungwa asiweze kuitumia, je, imo mkononi mwake?

MKAKAO WAPIMWA VIPI?

Huku Ipinda jambo hili laonekana wazi katika kakao. Mche hupandwa, hutiliwa kivuli cha mgomba, hupaliliwa miaka mitatu hata mitano kabla ya kuzaa sawasawa. Ukishazaa waweza kumlisha mwenyewe miaka ishirini na mitano na zaidi. Ndio ada ya shule, ndio dawa, ndio mahari ya kijana. Mthamini akija anahesabu miti na kuipa bei. Akiuhesabu mti kama kuni, amemdhulumu mwenyewe. Akiuhesabu kwa mavuno ya msimu mmoja, bado amemdhulumu. Thamani ya mfano wake, kama wanavyosema wanazuoni, ni ile itakayomwezesha mtu kupata mti kama ule, na kula katika miaka ya kuungoja ukue.

Nayo makaburi yana sheria yake ya kuhamishwa, ya mwaka 1969. Kaburi halina bei; kinacholipwa ni gharama na heshima.

NASAHA

Ndugu msomaji, historia hii si ya kuwalaumu wakubwa peke yao. Fidia nzuri huharibiwa pia na wenye kulipwa, nami nataja mambo matatu.

La kwanza ni ghushi. Wako wanaosikia habari ya kipimo wakachomeka vijiti usiku ili asubuhi vihesabiwe miche. Hiyo ni mali ya Baitulmali, yaani mali ya yatima na mjane wa nchi nzima, na anayeiiba hana tofauti na anayemnyima mkulima haki yake.

La pili ni mirathi. Shamba la marehemu lililokuwa halijagawanywa, ikija hundi huandikwa jina la kaka mkubwa, naye huila. Dada zake walioolewa mbali hata habari hawapati. Shamba halikimbii, ndiyo maana dhulma ya shamba huweza kusahihishwa hata baada ya miaka, fedha hukimbia. Wagaweni warithi hapo hapo, kwa mafungu aliyoyakadiria Mwenyezi Mungu, na mama mjane asisahauliwe thumni yake.

La tatu ni uzembe. Mthamini anapokuja, uwepo mwenyewe. Hesabu naye mti kwa mti, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na jirani. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma, na usiyeweza kusoma mtafute mwanao. Weka nakala. Mkikubaliana jambo na mtu wa ofisi, liandikwe. Qur'ani imetuamuru kuandika deni, na fidia isiyolipwa ni deni.

Na enyi mliopewa amana ya kupima na kulipa, mkumbuke kwamba Khalifa aliyetawala kutoka Misri hata Uajemi alisimama mbele ya muamuzi kwa ajili ya nyumba moja, akashindwa, akaridhika. Hakupungukiwa na heshima. Msikiti ule ukapanuka, na hata leo twaswali humo bila ya shaka moyoni, kwa kuwa ardhi yake ilitoka kwa radhi na kwa bei.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azifanye njia zetu kuwa za kheri, zisiwe juu ya machozi ya mtu, na awajaalie wenye mamlaka uadilifu na wenye haki subira na ukweli. Amin.